Inchi Nne za Zege

Alhamisi, tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, nilimpoteza rafiki yangu Loserian. Nilikuwa uwanjani na wanafunzi wa sekondari, nawafundisha kudunda mpira wa kikapu kwa mkono wa kushoto, simu ikaita. Alikuwa mke wake, Nasieku. Alisema tu, "Shemeji, amepumzika." Sikuwaambia watoto. Niliwaacha waendelee kudunda, nikakaa kwenye benchi mpaka kipindi kikaisha, wakakusanya mipira wenyewe wakaondoka. Kifo chenyewe nilikuwa nakitarajia, maana tumbo lilimsumbua tangu Krismasi na kila mtu aliona anavyokwisha. Kilichonikalia kifuani ni kwamba kulikuwa na neno nililopaswa kumwambia, na nilikuwa nimelichelewesha kwa miaka ishirini na sita. Sikukosa nafasi. Nilikosa moyo. Sasa naliandika, ingawa mimi si mtu wa kuandika. Nina cheti cha umeme wa majumbani na filimbi ya kocha, basi.

Mwaka wenyewe ni ule niliokuwa na miaka ishirini, katika chuo kidogo cha ufundi upande wa Elerai, ambacho siku hizi hakipo tena. Tulilala wanne chumba namba sita, kwenye vitanda viwili vya ghorofa, mimi chini, Loserian juu yangu. Dirisha lilitazama Mlima Meru, na kioo kimoja kilikuwa kimepasuka tukakibandika gazeti, kwa hiyo mlima tuliuona nusu. Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali kiasi kwamba tulilala na soksi, na asubuhi mlima wote ulikuwa umejifunika kama haupo. Yeye alitoka Kisongo, kwa watu wa ng'ombe na mahindi. Mimi nilitoka huku kwenye migomba na kahawa. Utani haukuisha. Nikigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, maana nilikuwa mrefu kuliko wote, alikuwa akisema toka juu, bila hata kufungua macho, "Mmeru, punguza ndizi, utakuja kutoboa dari." Nami namjibu, nikimwita kama vijana wa kwao wanavyoitana, "Na wewe yero punguza maziwa, kitanda kinalia." Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya cheche za kuchomelea. Alisomea uchomeleaji. Kikapu hakucheza kabisa. Alikuwa akikaa pembeni ya uwanja akitafuna bua la muwa na kutuita majina.

Mwalimu Kimaro ndiye aliyekuwa kocha wetu, na ndiye aliyefundisha hesabu. Alikuwa Mchaga mwenye miwani mizito na sauti ndogo, mtu ambaye akikasirika ndipo sauti inazidi kushuka. Mpaka mwaka ule tulikuwa tunacheza kwenye udongo, na mvua ikinyesha mpira haudundi. Mwezi wa kwanza mkuu wa chuo akakubali tujenge uwanja wetu wenyewe: darasa la uchomeleaji watengeneze nguzo na ringi, darasa la ujenzi wamwage zege. Ringi zilitengenezwa kwa nondo, zikakunjwa kwa moto, na Loserian ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkono uliotulia kama wake. Siku ya kusimika nguzo, mwalimu akaniita nikiwa natoka darasani. "Kaaya, nenda karakana. Mwambie Loserian sakafu itakuja juu inchi nne. Apime futi kumi kutoka juu ya zege, si kutoka kwenye udongo. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akanirudishia swali kama kawaida yake, "Nimesema nini?" Nikarudia neno kwa neno. Alikuwa na usemi wake: asiyefikisha ujumbe hawezi kufikisha mpira.

Nilikwenda. Naikumbuka karakana ile saa saba mchana, joto la bati, harufu ya chuma kilichoungua, na mafundi wanafunzi wamekaa chini ukutani kwenye kivuli. Mama yake Loserian alikuwa amepita kutoka sokoni akamwachia kindoo cha loshoro, mahindi na ndizi vilivyopondwa kwenye maziwa ya mgando, imepoa vizuri. Alinisogezea bakuli kabla sijafungua mdomo. Nikasema, "Mwalimu amenituma." Akanyanyua mkono. "Kula kwanza." Nikasema ni neno dogo tu. Akasema, "Kaaya, kwetu mgeni hatoi habari na njaa. Habari ya mwenye njaa huwa mbaya. Kula." Wenzake wakacheka, mmoja akasema nikatae nione kama nitatoka salama. Nikakaa chini nikala. Nilikuwa na njaa kweli, ya chakula cha nyumbani hasa, maana pale chuoni ilikuwa ugali na maharage wiki nzima na makande Jumapili. Tulikula tukizungumza mambo ya ng'ombe wao aliyezaa mapacha. Loserian alisimulia jinsi baba yake alivyokesha zizini akiwapa watu wote wa familia zamu ya kumshika ndama. Tukacheka mpaka kengele ikagonga, nikakimbilia kipindi cha mchana huku naramba vidole. Ujumbe ukabaki tumboni pamoja na loshoro. Mchana ule ule akapima futi kumi kutoka kwenye udongo, sawasawa kabisa, akasimika nguzo. Wiki moja baadaye darasa la ujenzi wakamwaga inchi nne za zege.

Mwezi wa pili uwanja ukafunguliwa. Wengine walikuwa wakipiga mitupo. Mimi nilichukua mpira, nikakimbia hatua zangu tatu, nikaruka, na mkono wangu ukapita juu ya ringi. Niliuzamisha mpira kwa mkono mmoja, ndiko tunakoita kudanki, na kuning'inia. Kwenye ringi za shule nilikotoka nilikuwa nagusa tu kwa ncha za vidole. Uwanja ulilipuka kwa kelele. Loserian alitupa muwa wake akaja akazunguka nguzo akiitazama kazi yake, akasema, "Haikupinda," nami nikajua kwamba furaha yake na yangu zilikuwa mbili tofauti. Kuanzia siku ile watu walianza kuja jioni. Walikuja wauza mitumba, wanafunzi wa ualimu, wapishi wetu wakiwa na aproni, wakakaa kwenye matofali. Mpishi mmoja mama mtu mzima, tuliyemwita Mama Eli, alikuwa ananiambia nikienda na sahani, "Mwanangu, wewe jana uliruka mpaka nikasali," na kunizidishia maharage. Sijawahi kuwa na furaha kama ile mahali popote. Nikifunga macho hata leo nauona mpira ukipita chini yangu, na vumbi jekundu la jioni, na mlima umefunguka nyuma ya ubao.

Lazima niseme lini nilikumbuka. Nilikumbuka siku ya tatu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, nikatazama pale nguzo inapoingia kwenye zege, na maneno ya mwalimu yakarudi yote kama alivyoyasema. Nikakaa pale nimeshika kamba. Ilikuwa rahisi kusimama na kusema, "Mwalimu, nilisahau kumwambia." Nguzo zingekatwa, zikaungwa kipande cha inchi nne, kazi ya siku moja. Nikasimama, nikachukua mpira, nikaruka. Sikusema siku ile, na kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi kidogo kuliko iliyopita.

Kwenye uwanja wetu tulimshinda kila aliyekuja. Mwezi wa tano akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu wa timu ya shirika moja, aliyekuwa Arusha kwa shughuli zake akasikia habari. Alivaa kofia ya majani na alikaa peke yake. Nilidanki mara nne siku ile. Baada ya mchezo alizungumza na Mwalimu Kimaro faragha, na jioni mwalimu akaniita ofisini kwake, ofisi iliyonuka chaki na mafuta ya taa. "Wanakutaka ukafanye majaribio mwezi wa nane. Ukipita, utacheza na utapata kazi ya umeme hapo hapo kwenye shirika. Wanataka barua yangu, kwamba wewe ni kijana wa kuaminika." Akavua miwani akaifuta. "Nitaiandika. Sijawahi kuandika barua ya namna hii kwa mchezaji yeyote." Chumbani Loserian alishuka kitandani akanikumbatia, akawa anawaambia wenzetu kwamba atakuja Dar kunitazama na atakaa mbele kabisa na muwa wake, watu wa Dar wapende wasipende.

Mwezi wa saba tukaenda Moshi kwenye mashindano ya vyuo. Tulisafiri tukiimba. Uwanja wao ulikuwa mzuri, umepigwa rangi. Mpira wangu wa kwanza uligonga mbele ya ringi ukarudi. Wa pili ukagonga mbele. Wenzangu nao, mitupo yote ilikuwa mifupi, yote, kama kuna mtu anaivuta. Nilipokimbia kudanki, mpira uligonga chuma ukaruka hadi katikati ya uwanja, nami nikaanguka kwa mgongo. Wenyeji walicheka, si kwa ubaya sana. Kijana mmoja wao alinishika mkono akaniinua, akasema, "Kaka, huko Arusha mnachezea ringi ya chekechea?" Nilimwona Mwalimu Kimaro amesikia. Njiani kurudi hakuna aliyeimba, na yeye alikaa mbele akitazama dirishani, na mimi nyuma yake nikitazama kisogo chake, nikijua anapiga hesabu.

Jumatatu asubuhi alikuja uwanjani na futi ya chuma na ngazi. Alitutaka wote, na mafundi wa karakana pia. Akapanda mwenyewe. Akashuka, akasema kwa ile sauti ndogo, "Futi tisa na inchi nane." Akamgeukia Loserian. "Ulipima kutoka wapi?"

"Kutoka chini, mwalimu."

"Chini kwenye udongo?"

"Ndiyo, mwalimu. Zege lilikuwa halijaja."

"Nilituma ujumbe kwamba litakuja, inchi nne."

Loserian aliwaza. Naikumbuka sura yake; alikuwa anatafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifukoni. "Sikupata ujumbe, mwalimu."

Ndipo mwalimu akanigeukia mimi. "Kaaya. Ulimwambia?"

Barua ilikuwa bado mezani kwake, haijatumwa. Nilijua hivyo. Nikasema, "Nilimwambia."

Nilisema hivyo tu, na wala sauti yangu haikutetemeka. Loserian alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetaka kusaidiwa kukumbuka. Mwalimu akasema, "Basi," akakunja futi yake. Kulikuwa na karakana kubwa mjini iliyokuwa ikichukua mwanafunzi mmoja wa uchomeleaji kila mwaka kwa pendekezo la chuo, na kila mtu alijua kwamba mwaka ule ni Loserian. Akachukuliwa mwingine. Sababu iliyotajwa ni kwamba ana mikono mizuri lakini hashiki maelekezo.

Jioni ile nilikuwa bafuni, upande wa pili wa ukuta wa mbao wa chumba chetu, nimefungua maji lakini sijaingia. Nikawasikia. Mmoja wa wenzetu alisema, "Lose, yule anadanganya. Mimi nilikuwepo siku ile ya loshoro. Sikusikia habari ya zege."

Loserian akasema, "Ulikuwa unasikia nini wewe, ulikuwa unakula."

"Na wewe?"

"Nami nilikuwa nakula. Ndiyo maana." Kitanda kililia, alikuwa amejigeuza. "Sikiliza. Kama Kaaya anasema aliniambia, basi aliniambia. Kaaya simjui kwa uongo. Ni kichwa changu. Hata mama husema, akinituma vitu vitatu narudi na viwili."

"Unamtetea yeye au unajishtaki?"

"Nalala," akasema.

Nilifunga maji, nikafungua tena, nikakaa huko mpaka taa ya chumba ikazimwa. Angenipiga ningepumzika. Nilingoja siku nyingi anipige, anilaumu, aninunie walau. Asubuhi alinigongea fremu ya kitanda kwa kisigino kama siku zote, akasema, "Mmeru, amka, dari linakusubiri."

Dar nilikwenda. Walinipokea, wakanijaribu, na kwenye ringi ya futi kumi nikawa mchezaji wa kawaida. Yule mtu wa kofia ya majani alinitazama siku tatu, akaniuliza kama naumwa. Walinichukua kwa sababu barua ya Mwalimu Kimaro ilikuwa nzuri. Nilikaa benchi misimu mitatu. Nilicheza labda dakika za kuhesabika katika kila mwezi, nikafunga nyaya za umeme mchana, kisha goti la kulia likachanika, nikarudi Arusha. Mwalimu Kimaro, aliyekuwa anakaribia kustaafu, aliniona nachechemea sokoni, akasema goti halihitajiki kushika filimbi. Ndivyo nilivyoingia kwenye ukocha, bila wito wowote. Ila niligundua kwamba ukocha nauweza kuliko nilivyoweza kucheza. Najua mtoto anayejua anachofanya na mtoto anayebebwa na uwanja wake. Mtoto akidanki mara ya kwanza wenzake hushangilia. Mimi naenda kuchukua futi. Wananiona mtu mkavu. Mwalimu Kimaro alitangulia miaka kadhaa iliyopita, na yeye pia sikumwambia.

Loserian alifungua banda la kuchomelea Kisongo, kando ya barabara, akatengeneza mageti na madirisha ya karibu nusu ya nyumba za kule. Alikuwa fundi mzuri sana. Lakini watu walimjua kwa jambo moja: aliandika kila kitu. Ukimwagiza geti, anaandika kwa chaki ukutani, anakusomea, anakuuliza tena, halafu anakuita ukiwa umeshafika barabarani akuulize mara ya tatu. Kuta za banda lile zilijaa chaki kama ubao wa shule. Wateja walimtania, wanawe walimtania zaidi. Naye alicheka pamoja nao. "Nina kichwa kinachovuja," alikuwa akisema. "Muulizeni Kaaya. Tangu chuo." Nami nikiwepo, nimekaa kwenye kigoda chake, na chai mkononi, nilikuwa nacheka. Hilo ndilo ninaloona gumu kuliko lile la uwanjani. Uwanjani nilisema neno moja nikiwa na miaka ishirini. Pale bandani nilicheka nikiwa mtu mzima, mwaka baada ya mwaka.

Tulimzika Jumatatu nyumbani kwake. Kwaya ya usharika iliimba, mchungaji alisema mazuri, nami nilibeba jeneza upande wa kulia kwa sababu ya urefu. Siku ya kuanua tanga nilirudi. Maturubai yalikuwa yanakunjwa na viti vya kukodi vimepangwa getini. Nasieku alikuwa ndani, ameketi kwenye godoro chini, peke yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikakaa kwenye stuli. Nikasema, "Shemeji, nina neno."

"Sema."

Nikamweleza yote, kuanzia mwalimu kunituma mpaka kule bafuni. Haikuchukua muda mrefu. Nilishangaa jinsi lilivyo jambo fupi. Alinisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Unajua tarehe ya harusi yetu aliiandika nyuma ya mlango wa banda?" akasema mwishowe. "Eti asisahau kuja kanisani."

"Najua."

"Tulimcheka. Mimi na watoto tulimcheka sana kwa kichwa chake."

"Najua, shemeji."

"Na alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima."

Nje viti viligongana. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. "Wanawe wako hapo nje," akasema. "Nenda kawaambie. Usinitume mimi."

Naomi, mkubwa wao, alikuwa ameinama kwenye beseni anasuuza vikombe, na wadogo zake wawili wa kiume wanavifuta na kuvipanga kwenye kreti. Waliniamkia, "Shikamoo baba mdogo," nikaitikia. Nikawaambia nikiwa nimesimama. Niliwaambia kama nilivyomwambia mama yao, sikupunguza. Kijana wa kati aliacha kufuta. "Kwa hiyo ile habari ya kichwa kinachovuja?" akauliza.

"Haikuwa kweli. Baba yenu hakusahau. Hakuambiwa."

"Mwenyewe alijua?" Naomi aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana."

"Hata hospitali?"

"Hata hospitali. Nilikuja mara sita. Sikumwambia."

Aliinua macho, akanitazama kwa muda, macho yale yale ya baba yake ila hayakuwa yanatafuta kitu. "Ungemwambia, baba mdogo," akasema.

"Ndiyo."

Yule mdogo kabisa aliweka kitambaa chini akaingia ndani kwa mama yake. Naomi akachukua kikombe kingine kutoka kwenye beseni, akakisuuza, akampa yule mdogo wake wa kati. Nilisimama pale mpaka vikombe vikaisha.